Wa Tatu Katika Tarafa

Kilichoninyima usingizi Desemba ile ni swali ambalo hata leo naona haya kuliandika: je, mdogo wangu alikuwa mjinga? Nililala chali kitandani, yeye akiwa kwenye mkeka sakafuni, ameelekea ukutani, na swali likaja, na nyuma yake yakaja mengine. Ikiwa ni mjinga kweli, basi mwalimu mkuu alikuwa na haki ya kumrudisha darasa la sita kwa mara ya tatu. Ikiwa si mjinga, basi mwalimu huyo alikuwa amemwibia mtoto miaka miwili na sasa anautaka wa tatu. Na mwalimu huyo ndiye niliyeombwa nisimame mbele ya watu nimshukuru.

Nieleze mambo yalivyokuwa. Baba alifanya kazi reli, na tuliishi kwenye nyumba za reli Makongeni, Nairobi, vyumba viwili na kipande cha ua. Mama alibaki nyumbani magharibi na shamba na watoto wadogo. Mimi, binti, ndiye kifungua mimba. Nilisoma shule ya msingi ya kijijini kwetu, nikabahatika, nikaendelea hadi chuo kikuu, na mwaka huo nilikuwa nimeanza kazi katika ofisi moja ya serikali, bado niko kwenye kipindi cha kupimwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati mtihani wa darasa la saba ndio ulioamua nani ataendelea na nani atashika jembe.

Watu wa kwetu waliofanya kazi Nairobi walikuwa na chama, kama watu wa kila mahali. Chama chetu kilizika wafu na kuwatembelea wagonjwa, lakini fahari yake ilikuwa ile shule ya kijijini. Sisi, au tuseme wao, ndio waliotoa mabati. Kwa sababu hiyo kila Januari, matokeo yakishatoka, mwalimu mkuu aliitwa Nairobi. Alipanda basi usiku kucha, akafikia kwa mmoja wa wazee, na Jumapili alasiri akasimama kwenye ukumbi wa mtaa mbele ya watu wa reli, wa baraza la jiji, wapishi, matarishi na makarani, akaeleza shule imekuwa ya ngapi katika tarafa. Hakuna aliyemwuliza jambo lingine. Ikiwa imepanda, mbuzi aliletwa kutoka soko la Kiamaiko. Ikiwa imeshuka, alihojiwa mpaka shati likamgandia mgongoni.

Mwaka huo ilikuwa ya tatu. Ilikuwa haijawahi kuwa ya tatu tangu ijengwe.

Mdogo wangu alifika na basi mara baada ya shule kufungwa, akiwa na kuku wawili na unga wa mtama. Alikuwa na miaka kumi na sita na mabega ya mtu mzima. Nilimwuliza habari za shule akiwa anafungua miguu ya kuku.

"Nimeambiwa nirudie," akasema.

"Tena?"

"Tena. Si mimi peke yangu. Darasa la sita sasa tumejaa mpaka dirishani. Kuna mmoja ana ndevu. Mwingine ameoa, akichelewa anasema alikuwa kwa wakwe."

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa hiyo akaacha.

"Na darasa la saba?"

"La saba ni raha. Wanakaa mmoja mmoja kwenye dawati. Sisi tunakaa wanne."

Alinieleza mwalimu mkuu anavyofanya. Mwisho wa mwaka darasa la sita wanapewa mtihani wa shule. Siku ya kufunga anasimama mbele ya mstari na kusoma majina kuanzia wa kwanza. Anaposoma jina, mwenyewe anatoka na kusimama upande wa bendera. Akifika pale anapotaka, anakunja karatasi na kuitia mfukoni. Waliobaki hawaambiwi kitu. Wanajua.

"Anapotaka wapi? Alama ngapi?"

"Hasemi."

"Na waliobaki wanafanya nini?"

"Wavulana wengine wanaenda kuchimba mchanga. Wasichana..." Akamwachilia kuku. "Wewe unajua wasichana."

Nilijua. Lakini mimi sikuwa mtu wa kukasirika kwanza. Mimi ni mtu wa kufikiri kwanza, na nikifikiri, hasira inapoa mpaka inakuwa kitu cha kuwekwa kabatini. Nikajiambia huenda mwalimu ana sababu. Huenda mtoto asiyekuwa tayari huumia zaidi akianguka. Huenda ninamtetea kwa kuwa ni damu yangu. Nikajiambia tena kwamba mtu aliyesoma hupima kabla ya kusema. Basi nikampima.

Rafiki yangu mmoja alikuwa akifundisha Donholm, akaniazima mitihani ya darasa la saba ya miaka iliyopita. Nilimkalisha mdogo wangu mezani, nikaiweka saa ya baba mbele yake, nikamwambia afanye. Alifanya ya hesabu, ya Kiingereza na ya mambo ya jumla. Nilisahihisha nikiwa nimempa mgongo ili asione uso wangu.

Sitamsingizia sifa. Hakuwa bingwa aliyefichwa. Alipata nusu na kidogo. Hesabu za sehemu zilimshinda, akajua vizuri habari za udongo na magonjwa ya ng'ombe, na insha yake ilikuwa nzuri mwanzoni kisha ikachoka. Alikuwa mtoto wa kawaida kabisa. Nilikuwa nimetumaini atapata alama za kutisha ili nimtupie mwalimu usoni, au sifuri ili nipate amani. Nilipewa nusu na kidogo.

Hapo ndipo hasira ilipoingia, na haikutoka. Niliona kwamba swali langu la usiku lilikuwa baya tangu mwanzo. Niliuliza kama ni mjinga, kana kwamba jibu hilo ndilo lingeamua kama ana haki ya kuketi mbele ya karatasi ya mtihani. Nani alisema mtihani ni wa mabingwa? Baba yangu na wenzake walibeba mabati kwa ajili ya watoto wa kijiji kile, na wengi wa watoto wa kijiji chochote ni wa nusu na kidogo. Sasa hao hao ndio waliozuiwa mlangoni ili wachache waliopita waipambe shule. Hakuwa ameanguka, hakuwa amepita. Alikuwa ameondolewa kwenye hesabu.

Nilimngojea baba amalize chai.

"Baba, mtoto amerudishwa tena."

"Nimesikia, mama." Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mamake.

"Mara ya tatu."

"Mwalimu anajua kazi yake. Shule ni ya tatu katika tarafa. Wewe unataka iwe ya mwisho ndio ufurahi?"

"Nataka afanye mtihani."

"Akianguka?"

"Ataanguka yeye, kwa mikono yake."

"Na ataangusha shule." Aliweka kikombe chini. "Hiyo digrii imekufundisha mabishano. Jumapili utaongea maneno mazuri, utamshukuru mwalimu, tutakula, tutarudi. Wazee wamekuchagua kwa sababu wewe ni mtoto wa shule ile. Usiniletee aibu."

Nilitaka kumwambia ni nani aliyenifanya mimi kuwa mtoto wa shule ile. Si huyu mwalimu. Ni yule aliyekuwa kabla yake, mzee mwembamba aliyevaa koti moja miaka yote, ambaye aliwaandikisha watoto wote wa darasa la saba, wote, hata wale wa ndevu, na akawaambia wazazi kila mtoto atakula alichopika. Siku ya mtihani wangu, binti mmoja aliyekuwa wa mwisho darasani alikaa nyuma yangu. Alianguka, naam. Lakini alikaa. Miaka kadhaa baadaye shule ilishuka karibu na mkia wa tarafa. Watu wa Nairobi walikodi basi zima, wakaimba njia nzima, wakafika na matawi ya miti mikononi na kufuli mpya mfukoni, wakafunga ofisi, wakamsindikiza yule mzee na sanduku lake hadi barabarani. Baba alikuwa ndani ya basi lile. Aliporudi alisimulia jinsi mwalimu alivyoomba aruhusiwe kuchukua miwani yake iliyobaki mezani, na jinsi walivyokataa kufungua. Alisimulia kama kichekesho, na majirani walicheka.

Sikumwambia. Nilikunja midomo na kuosha vikombe. Tabia yangu hiyo nilikuwa nimeanza kuichukia.

Siku chache kabla ya mkutano, mwalimu mkuu akiwa bado hajafika, nilikwenda Kariobangi sokoni kununua samaki. Palikuwa na mama mmoja wa kwetu aliyeuza omena na samaki wa kukaanga, ambaye mwanawe alikuwa ameachwa kwa nyanya yake na kusoma shule ile ile. Nilimwuliza mtoto wake yuko darasa la ngapi.

"La sita," akasema bila kuniangalia. "Huyo? Huyo achana naye. Kichwa chake ni cha kuvalia kofia. Amerudia mpaka nyanya yake amechoka."

"Mdogo wangu pia yuko la sita, mama. Mara ya tatu amerudishwa."

Mkono wake ulisimama juu ya samaki.

"Wa kwenu? Wa reli?"

"Wa kwetu."

"Si nyinyi ni watu wa vitabu?"

Nikamweleza kuhusu mstari, bendera na karatasi inayotiwa mfukoni. Alisikiliza huku akiendelea kupara magamba, polepole, kisha akaacha. Mteja aliuliza bei, hakumjibu.

"Nilimpiga yule mtoto," akasema. "Krismasi ya mwaka juzi nilienda nyumbani nikampiga mpaka nyanya yake akanishika mkono. Nilimwambia ananiaibisha, wenzake wote wanapita." Alifuta kisu kwenye gunia. "Mbona hakuna mtu alisema?"

"Kila mtu anadhani ni wake peke yake."

"Na Jumapili si wewe ndio unaongea?"

"Ndio mimi."

"Basi ongea, binti ya reli. Ama umesomea kunyamaza?"

Nilimlipa samaki. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nikapanga hotuba na kuibomoa. Nikisema, mwalimu atarudi kijijini na kumlipizia mdogo wangu, kisha mama yangu. Nikisema, baba atakaa wapi kwenye chama? Nisiposema, nitamshukuru mtu kwa kazi ya kuwaficha watoto. Nikafikiria kusema kwa mafumbo, kiheshima, neno moja katikati ya shukrani, watakaoelewa waelewe. Nilipofika Makongeni nilikuwa nimejidharau kiasi kwamba nilimfokea mdogo wangu kwa sababu ya sufuria.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alikaa meza ya mbele kati ya wazee, suti ya kijivu, uso uliopumzika. Mwenyekiti wa chama, aliyekuwa msimamizi wa stoo huko viwandani, alitangaza nafasi yetu, na watu wakapiga makofi mpaka viti vya chuma vikalia. Akataja kwa jina shule tulizozipita, moja moja, na kila jina likapata kicheko chake.

"Sasa tumpe nafasi msomi wetu," akasema, "amshukuru mwalimu kwa niaba yetu. Dakika mbili, binti. Nyama ikipoa utakula wewe yote."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno yale ya mafumbo tayari mdomoni, matamu, yenye adabu. Kisha nikamwona mama wa samaki kwenye kiti cha nyuma, amevaa kitambaa cheupe cha kanisa, ananitazama kama mtu aliyekwisha kujua nitafanya upuuzi.

"Kabla sijamshukuru mwalimu," nikasema, "naomba mzazi ambaye mtoto wake alifanya mtihani mwaka huu asimame tumpongeze."

Watu walipenda hilo. Walisimama wachache, wakapigiwa makofi, wakaketi.

"Asanteni. Sasa naomba mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa darasa la sita asimame."

Makofi yaliyokuwa yameanza yalikatika. Hakuna aliyesogea. Niliwaona wanaume wakitazama viatu vyao. Mwenyekiti akanong'ona, "Binti, hiyo ni shukrani gani?" Na hapo kiti cha nyuma kikakwaruza sakafu, na mama wa samaki akasimama, mkoba wake kifuani.

"Wangu," akasema. "Mara nne."

Mwanamke mwingine akasimama karibu na mlango. Halafu mwanamume wa baraza la jiji, aliyekuwa ametoka kupiga makofi kuliko wote, akanyanyuka polepole huku akimtazama jirani yake, na jirani yake akanyanyuka pia. "Hata wewe?" mtu akauliza. "Si ulisema wako yuko shule ya boding?" Wengine wakacheka, kisha wakaona kwamba mwenzao waliyecheka naye amesimama. Waliosimama sasa walikuwa wengi kuliko waliosimama kwanza, wengi mno, na kila mmoja alikuwa akigeuza shingo kuwaangalia wengine.

Baba hakusimama. Alikaa safu ya pili, kofia magotini, akiitazama kofia ile kana kwamba imeandikwa kitu. Mdogo wangu alikuwa kando yake. Nilimngoja. Nilimngoja zaidi ya wengine wote, mbele ya watu wote, na hakusimama.

Nikamgeukia mwalimu. "Mwalimu, hawa watoto lini watafanya mtihani?"

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Alivua miwani, akasimama bila kuombwa.

"Nitawajibu nyinyi, sitamjibu huyu binti," akasema. "Aliyenitangulia pale tulisoma chuo kimoja. Siku mliyokuja na matawi, nilikuwa nafundisha shule ya jirani, nikaja kutazama. Nilimwona akipita barabarani bila miwani, akijikwaa, na nyinyi mkiimba. Mimi ndiye niliyempeleka nyumbani. Alikuwa amefanya kosa gani? Aliwaandikisha watoto wenu wote. Mwezi uliofuata nikapewa shule yake. Mlitaka nini kutoka kwangu? Mlitaka shule ipande. Nimeipandisha. Hamkuniuliza kwa ngazi gani."

Alivaa tena miwani yake.

"Nitawaambia jambo moja. Mseme hapa, kwa midomo yenu, kwamba shule ikiwa ya mwisho katika tarafa hamtaleta kufuli. Mseme, na siku ya kufungua naingiza darasa lote la sita kwenye la saba."

Nilimchukia wakati ule kwa kuwa alikuwa anasema kweli, na nikawachukia wao zaidi kwa walichofanya na kweli hiyo. Wale waliokuwa wamesimama, wenye watoto wao wenyewe kwenye lile darasa lililojaa mpaka dirishani, walitazamana. Mmoja akakohoa. Wa baraza la jiji akaketi, akasema chini chini, "Lakini kuwa wa mwisho, jameni..." Wengine wakaketi. Wa mwisho katika tarafa: jambo hilo liliwatisha kuliko mtoto mwenye ndevu anayesoma hesabu ya mwaka juzi. Mwenyekiti akasema suala hilo litapelekwa kwa kamati, akaomba mtu afunge kwa sala, na harufu ya mbuzi ikaingia kutoka nje.

Walikula. Hilo sijawasamehe. Walikula vizuri.

Nilimkuta mwalimu mlangoni akinawa mikono.

"Mwalimu, siku ya kufungua mdogo wangu atakuwa darasa la saba."

"Siwezi kumwingiza," akasema. "Nikimwingiza wako, wengine watauliza."

"Waulize."

"Wewe ni kijana. Mimi nina watoto sita na hiyo kazi." Alikung'uta maji. "Ukimleta, sitamtoa kwa nguvu. Lakini mwalimu wa darasa hatamwita jina. Asiyeitwa hayupo. Haandikishwi kwa mtihani."

Nyumbani baba alizungumza akiwa bado amesimama. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Uliketi, baba. Mtoto wako alikuwa kando yako ukaketi."

"Unajua kuwa wa mwisho ni nini? Unajua watu wa vijiji vya kule juu wanatuitaje kwenye treni shule yetu ikishuka?"

"Sijui. Na yeye hajui. Yeye anajua darasa la sita."

Alichukua kofia, akatoka kwenda zamu ya usiku kabla saa haijafika. Hakutuaga.

Kwa kawaida yangu ningekaa nikapima. Kulikuwa na ya kupimwa tele: kazi niliyokuwa bado sijathibitishwa, bosi asiyependa udhuru, mama ambaye angebaki kijijini na maneno ya watu. Niliyaona yote, yamejipanga, na kwa mara ya kwanza niliyaacha pale pale yalipojipanga. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu mwenye busara. Ofisini nilituma neno kwamba nina shughuli ya kifamilia, jambo ambalo lilikuwa kweli, na nikapakia nguo za mdogo wangu.

"Na wakinicheka?" akaniuliza kituoni. "Mimi ni mrefu kuliko mwalimu."

"Wacheke."

"Na nikianguka?"

"Utaanguka."

Alifikiri kidogo. "Sawa," akasema.

Mama wa samaki alikuwa amefika kabla yetu, ameketi juu ya kapu lake. Nilimwuliza biashara amemwachia nani. "Biashara itanuka siku mbili," akasema. "Huyo mtoto nilimtoa tumboni, siwezi kumtoa darasa la sita?"

Tulifika shuleni asubuhi ya kufungua, watoto wakiwa bado mstarini. Mwalimu mkuu alituona, akaingia ofisini. Mama wa samaki alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa darasa la sita, akamshika mwanawe mkono, na kijana yule alipomwona alijikinga uso kwa kiwiko kabla hajaelewa kwamba hapigwi. Tukaingia darasa la saba sote wanne. Nafasi zilikuwa tele. Mdogo wangu aliketi dawati la pili, na mimi nikajibana kando yake, magoti yangu yakisukuma mbao. Mwalimu wa darasa, kijana wa umri wangu, alisimama mlangoni na daftari la mahudhurio kwapani, akatutazama, akatazama upande wa ofisi.

"Dada, wageni wanangoja nje," akasema.

"Anza kuita," nikamwambia. "Utakapofika kwa mdogo wangu, na ukamwita, na akaitika, nitatoka."

Alianza kuita.